Kila Mtu na Ngoro Yake

Kama una mke, watoto, shemeji na mama mkwe, na juu ya hao una gari, basi ndugu yangu haya nitakayosimulia unayajua tayari. Kaa tu karibu unipe pole. Kama bado hujajaliwa, soma taratibu. Hakuna chuo kinachofundisha mambo haya.

Riziki yangu ni Landrova. Ni One Ten, injini ya 300Tdi, niliyoipata mnadani mradi mmoja ulipofunga virago na kuondoka Songea. Natembeza wageni. Mwezi wa pili wanakuja watu wa historia, kwa ajili ya kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906. Baadaye wanakuja wapenda ndege wanaotaka kupanda Matogoro, na wale wanaotaka kuona mto Ruvuma unapoanzia, ambao wakiuona hushangaa kwamba kitu kidogo hivyo ndicho kinachotutenganisha na Msumbiji huko mbele. Lakini wengi wanataka ziwa. Siku hizi lami imefika Mbamba Bay, hata gari dogo linakwenda. Ila ukishageuza kuelekea Liuli na Lituhi, na mvua imenyesha usiku, hapo ndipo watu wanaanza kuulizana namba ya Baba Kelvin.

Mke wangu, Mama Kelvin, analiita gari hilo mke mwenzake. Kila asubuhi lazima aliulizie: "Mke mwenzangu kaamkaje? Leo anaomba nini?" Na kweli halikosi la kuomba. Leo mpira, kesho oili, keshokutwa anataka aangaliwe tu. Lakini ikifika siku ya kwenda Mbinga kununua maharage ya gunia, Mama Kelvin hupanda ndani ya huyo mke mwenza bila kubembelezwa, na njia nzima husifia jinsi anavyopanda milima.

Sasa tatizo lenyewe. Waingereza waliobuni magari haya walifikiria mengi. Walipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa bado cha mgawo kwa sababu ya vita, wakatengeneza bodi ya aluminiamu. Wakafikiria matope, majabali, mito ya kuvuka. Karatasi hawakuifikiria. Mbele ya abiria gari langu lina mshikio mweusi wa kuokolea roho, na usawa wa magoti kibaraza kimoja kirefu kilicho wazi, hakina mlango wala kizuizi cha maana. Ukikata kona ya kushoto, kila kilichomo kinakuja kwangu. Ukikata ya kulia, vyote vinahamia kwa mgeni. Na barabara ya kushuka kutoka Mbinga kwenda ziwani ni kona kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kumwona mama mmoja wa heshima zake, mgeni kutoka ng'ambo, akipokea mapajani darubini, bisibisi na nusu mkate, na kila kimoja akakishukuru.

Kwa hiyo nilitaka kibweta. Kimoja. Chenye kifuniko, bawaba na kufuli dogo, cha kuwekea leseni, kadi ya gari na kitabu cha risiti. Hiyo ndiyo sababu niliyoitangaza. Ya pili nakuambia wewe kwa kuwa tumeshakuwa ndugu: karanga. Kuna mama anauza karanga pale Mbinga karibu na stendi, zimekaangwa kwa chumvi mpaka ganda linabanduka lenyewe, anapima kwa kikombe na kuongeza konzi ya juu bila kuombwa. Nyumbani kwangu karanga hazilali. Nilitaka mahali duniani ambapo mzee mzima angeweza kufungua, kula tatu, na kufunga.

Nilimwambia Mama Kelvin usiku, taa imeshazimwa, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo. Akasema, "Sawa." Wewe ambaye hujaoa utadhani nilikuwa nimekubaliwa. Sawa ya Mama Kelvin maana yake ni kwamba faili limefunguliwa.

Kesho yake jioni nikakuta kikao sebuleni.

Nikutajie wajumbe. Kiti cha heshima alikuwa amekalia mama mkwe wangu, ambaye moyoni namwita Bibi Mizani, na ole wako ulitamke jina hilo mbele yake, maana mkwe ni mkwe. Alikuja kutoka Mbinga kutibiwa macho. Macho yakapona, akabaki kuiangalia nyumba. Ujanani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, na mkono wake haujastaafu. Chochote unachompa, kwanza anakinyanyua mara mbili hewani, ndipo anakitajia kilo. Siku alipozaliwa kitinda mimba wetu alimpokea kwa nesi, akampima kiganjani, akatamka: "Tatu na robo. Unyevu umezidi."

Kitinda mimba huyo ndiye Kokoto. Jina lake la ubatizo ni zuri sana lakini hakuna anayelitumia, kwa sababu mtoto huyu hapiti penye jiwe akaliacha. Mfukoni mawe, chini ya mto mawe. Kifungua mimba ni Kelvin, ambaye mimi namwita Chaja: humkuti mahali isipokuwa penye tundu la umeme. Kati yao yuko Neema, Hakimu wetu, ambaye tangu darasa la tatu anaandika kwenye daftari nani alikula nini cha nani, na tarehe. Na mwisho yuko shemeji yangu, kaka yake Mama Kelvin, anayejiita Injinia. Huyu nitamrudia. Huyu anahitaji nafasi yake.

Mama Kelvin akatandika mezani kalenda ya mwaka uliopita, upande wa nyuma, na juu yake alikuwa ameshachora. Kibaraza chote cha Landrova, kuanzia mlango hadi mlango, kimekatwa miraba.

Hapo lazima nieleze kitu kuhusu mke wangu, na hili si la utani, ni la kitaalamu. Mama Kelvin ni Mmatengo. Milima ya Umatengoni ni mikali, na mvua zake zingekuwa zimeshaushusha udongo wote ziwani zamani kama si akili ya mababu zao. Wao hufyeka nyasi, wakazipanga chini kwa mistari inayokatana, kisha wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Mlima mzima unabaki na vishimo vilivyozungukwa na matuta. Maji yakija yanatulia kishimoni, nyasi zinaoza chini kwa chini na kuwa mbolea, maharage yanapandwa juu ya tuta, na msimu wake ukifika yanafuata mahindi. Ndizo ngoro. Wamezilima kwa zaidi ya miaka mia, na wataalamu wa Chuo cha Sokoine pamoja na wa kutoka Japani wamekuja kuzichunguza kwa vipimo na kuondoka wakitikisa vichwa kwa heshima.

Sasa mtu aliyelelewa katika ustaarabu huo umwonyeshe kibaraza kitupu, kilichoinama, vitu vikiteremka ovyo kila kona! Nyumba ya kwao nzima ingemwona kapotoka. Kalamu ilikwenda yenyewe.

"Hii ya Mama," akaonyesha mraba mkubwa kuliko yote, mbele ya abiria. Sikushangaa. Bibi Mizani akipanda gari hakai nyuma, na mimi sina mdomo wa kumwambia mama mkwe asogee; hata kama mgeni kalipa, mgeni atakaa nyuma. "Ana dawa zake za presha, rozari, kitenge cha kujifunika."

"Na mizani," Bibi akaongeza. Ana kamizani ka kuning'iniza, ka springi, anatembea nako.

Chaja akapewa mraba wa katikati kwa ajili ya simu na nyaya. Hakimu akapewa wenye kufuli, wa kuwekea nyaraka zote za gari, kwa hoja kwamba nyaraka zikae kwa mtu asiyeendesha. Kokoto akapewa kishimo chake ili, nanukuu mama yake, "aache kuyaweka kitandani." Mama Kelvin mwenyewe akachukua miwili, mmoja wa nyanya za njiani na mwingine hakusema wa nini.

Nikauliza changu kiko wapi.

"Pale pembeni, karibu na mlango wako. Pembeni ndiko kuzuri, hakuna wa kukusumbua."

Tukaja kwenye fundi. Mimi nilikuwa na mtu wangu, mzee aliyejifunza useremala Peramiho. Wabenediktini walifika pale mwaka 1898, na karakana zao zimewafundisha watu kazi kwa vizazi. Mbao iliyopita kwenye mikono ya namna hiyo haipigi kelele wala haijifungui. Alishanitajia bei, na bei ilikuwa ya kibinadamu. Mama Kelvin akaniangalia.

"Utoe hela nje, na kaka yangu yuko hapa hapa?"

Haya, Injinia. Miaka ya tisini, Tunduru ilipolipuka kwa mawe ya thamani, watu wakaacha mashamba, ofisi, wengine wakaacha harusi, wakakimbilia huko. Injinia alikuwemo. Wenzake wachache walirudi na magari. Yeye alirudi na kofia. Baadaye alisoma kozi fupi ya umeme, ambayo kadiri anavyoisimulia ndivyo inavyorefuka, na tangu hapo haongei tena Kiswahili cha kawaida. Ukimwambia redio haisemi, anakunja uso: "Hilo ni suala la lodi."

Malipo yake yalikuwa chakula cha mchana tu. Tena alikubali kwa unyenyekevu. Siku ya kwanza alikula kuku. Siku ya pili mbasa wa ziwani, mzima, na ugali wa kurudiwa. Sikutaka kupiga hesabu, lakini Hakimu aliipiga na kuniachia daftari wazi mezani, na naweza kusema kwamba mzee wa Peramiho angeshamaliza, akalipwa, akapewa na soda.

Mbao zenyewe ziliniuma. Tulikuwa na kitanda chetu cha zamani, cha mninga, kimehifadhiwa stoo. Narudi jioni moja nakuta ubao wa miguuni umeshapasuliwa, na Injinia anaupiga randa huku anaimba. "Mninga hauliwi na mchwa," akanieleza. Nilijua. Nililala juu yake miaka yote ya ujana wangu bila kuliwa na mchwa.

Kisha akang'oa kiti cha kushoto. Kwenye Landrova ya aina hii betri hukaa chini ya kiti hicho, na yeye alitaka "kukiona chanzo." Betri ikatolewa kwenda kuchajiwa, kiti kikaegemezwa ukutani, mlango ukaachwa wazi, kazi ikalala. Ilipoamka, tukakuta ndani ya kasha la betri kuna kuku.

Si kuku wa hivi hivi. Alikuwa mtetea wa Bibi Mizani, mwekundu, yule yule ambaye zamu yake ya kuingia sufuriani kwa chakula cha Injinia ilikuwa imefika, na kwa akili zake alikuwa ameona mahali pekee katika ua ule ambapo Injinia hapeleki mkono: kazini kwake. Alikuwa ametaga, na sasa anaatamia. Nikanyoosha mkono nimtoe.

"Baba Kelvin," akasema Bibi Mizani kutoka barazani, kwa upole kabisa.

Nikarudisha mkono. Kuku huatamia siku 21. Hilo halijadiliwi. Wageni waliokuwa wameshalipa nusu niliwapeleka kwa gari la kukodi la mwenzangu, na faida yote ikaishia kwake. Landrova yangu ikakaa uani Lizaboni na uji wa dona mlangoni, na majirani wakipita wanauliza mama anaendeleaje, wakimaanisha kuku.

Vifaranga walitoka salama. Vikapatikana vibweta.

Nisiwe mchoyo wa sifa: kwa macho vilipendeza. Mninga ulipigwa vanishi ukang'aa, na ndani ya kila kibweta akagundisha kipande cha zulia jekundu ambacho nilikitambua pia, ila nilishachoka kutambua vitu. Mama Kelvin akaita majirani. Bibi Mizani akapelekwa mbele kuzindua. Akashika kishikizo cha droo yake, akavuta.

PIIIIIIIII!

Kuku wakatawanyika. Bibi akasukuma droo, kelele zikakata. Akavuta tena. PIIIII!

Skrubu moja ndefu ilikuwa imepita katikati ya fungu la nyaya nyuma ya kibaraza, na droo ya Bibi ikivutwa, nyaya mbili za honi zinakutana na kuelewana. Injinia akakuna shingo. "Hilo ni suala dogo la—"

"Usiguse," akasema Bibi Mizani. Akavuta, ikalia, akafunga. Uso wake uling'aa kwa furaha niliyoiona mara ya mwisho kahawa ilipopanda bei. "Sasa nitajua nani anafungua."

Wote wakaniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Tukaanza maisha mapya. Ikawa Bibi hawezi kumeza kidonge bila Songea nzima kuarifiwa. Siku moja niliwapeleka wapenda ndege Matogoro alfajiri. Wao wameinama kwenye majani, hawapumui, kamera zimeelekezwa kwenye mti mmoja, na Bibi, aliyekuwa ameomba lifti "kunyoosha miguu," akakumbuka rozari.

Na kulikuwa na ule mlio mwingine. Ka-ka-ka-ka, kila barabara inapokuwa mbaya. Ulianza wiki zile zile. Sikio la dereva haliwezi kuvumilia mlio usio na jina, kwa hiyo nikalipeleka gari kwa fundi wa chini, akabadilisha bushi. Ka-ka-ka. Akabadilisha shokapu za mbele. Ka-ka-ka. Akasema labda chesisi imechoka, na alivyolitamka lile neno nilihisi anasema na mimi.

Nikapata safari ya mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe, wanataka Liuli. Bibi Mizani naye alikuwa na safari ya Mbinga siku hiyo hiyo, kwa bahati ambayo haijawahi kukosea. Akakaa mbele. Wajerumani nyuma.

Hatujafika mbali, trafiki akatusimamisha. Kijana mstaarabu, kofia nyeupe. Leseni, tafadhali. Nikapeleka mkono kwenye kibweta cha Hakimu: kufuli. Ufunguo uko na Hakimu. Hakimu yuko darasani. Nikatabasamu. Trafiki akatabasamu. Nikaanza kumweleza habari ya kikao cha sebuleni, na nikaona anavyozidi kunikodolea macho.

"Ngoja, mwanangu," akasema Bibi. PIIIIIIII! Yule kijana akaruka nyuma, akashika filimbi. Kwa utulivu Bibi akatoa kwenye droo yake leseni, kadi ya gari na kila karatasi. Alikuwa amezihamishia kwake usiku, kwa sababu, alieleza, alikuwa ameota. Kabla ya kumpa akazinyanyua mara mbili. "Gramu arobaini," akamwambia. "Nirudishiwe arobaini."

"Shikamoo bibi," akasema trafiki. Hakuomba hata mtungi wa zimamoto. Aliuliza tu kile kifaa cha honi kimefungwa na fundi gani, maana ana mjomba mwenye duka.

Tulimshusha Bibi Mbinga, tukateremka ziwani, tukalala Mbamba Bay, na asubuhi tukashika njia ya Liuli. Wajerumani wa zamani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wa pale unaofanana na ile sanamu ya Misri. Yule mzee alitaka kuona mahali ilipotokea kasheshe ya Agosti 1914. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, ikaja ya Waingereza, Gwendolen, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba Ulaya vita imeanza. Na nahodha wa Kiingereza alikuwa rafiki yake, wa kunywa naye. Basi akapanda mashua, akapiga kasia mpaka kwenye meli ya mwenzake akimfokea, akidhani kalewa. Akapokelewa vizuri, na kuambiwa kuwa yeye ni mateka.

Mzee alinisimulia haya akicheka, na mimi nilicheka kwa adabu, lakini nilimhurumia sana yule nahodha. Ndiyo kawaida. Unapigwa kwanza, taarifa za vita unazikuta baadaye.

Ni hapo hapo Liuli mzee akaniomba ruhusa. Alikuwa ameusikiliza ule mlio njia nzima, na kumbe kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa mitambo. Akatega sikio, akagonga dashibodi hapa na pale kwa kifundo cha kidole, kisha akavuta kishimo cha Kokoto mpaka kikatoka chote, akakimimina juu ya boneti.

Kulikuwa na changarawe za mto Ruvuma. Kulikuwa na vipande vya tofali, jiwe la mafiga, kokoto za lami mpya, mfupa, na kipande kimoja cha kijani kilichosuguliwa na maji mpaka kikawa laini. Mkewe akapiga picha. Tukarudisha vyote, ila tukavizungushia taulo, na gari likanyamaza. Nikatazama shokapu zangu mpya za mbele. Zilikuwa nzuri.

Nyumbani, Injinia alipoliona lile jiwe la kijani, damu ya Tunduru ikamwamka. Tunduru, akatukumbusha, kuna jiwe ambalo mchana ni la kijani na usiku chini ya taa linageuka jekundu. Hilo ni kweli, linaitwa aleksandriti, na watu wametajirika kwalo. Alikesha sebuleni akiliwashia na kulizimia taa, na mchana wake akalipeleka juani. Likabaki kijani mchana, kijani usiku. Akasema ni suala la volteji. Akaomba nauli, akaenda nalo Tunduru, na Kokoto akalia siku nzima kwa sababu hakuna aliyemwomba ruhusa. Injinia alirudi mpole. Ilikuwa chupa ya bia. Hakimu ameshaandika nauli hiyo ni ya nani, na si ya Injinia.

Umeniuliza kuhusu kishimo changu? Hujaniuliza, hakuna anayeuliza. Chini ya kioo cha mbele Landrova hizi zina vidirisha viwili vya kupitishia upepo, na mpira wake ukichoka, maji ya mvua huingia. Kimoja kiko juu kabisa ya pembe yangu nzuri isiyo na wa kunisumbua. Ngoro kazi yake ni kupokea maji, na katika dashibodi nzima ni yangu peke yake iliyofuzu. Mfuko wangu wa kwanza wa karanga uliloa ukavunda kabla sijala ya tatu. Nikaacha kukifungua.

Baada ya mvua za mwezi wa tatu Mama Kelvin aliamua kulifanyia gari usafi. Nikamsikia anaita watu wote. Kwenye kishimo changu, juu ya lile zulia jekundu lililoloa, harage moja la Mbinga lililodondoka kwenye gunia lilikuwa limechipua. Lina majani mawili, shingo imejikunja kutafuta mwanga wa mlangoni.

Bibi Mizani akaletwa. Alilitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinigusa bega. "Baba Kelvin," akasema, "huku kumbe kuna mkulima."

Nikauliza kama sasa naweza kuling'oa, nizibe mpira, niweke vitu vyangu. Mama Kelvin aliniangalia kana kwamba nimependekeza kumuuza mtoto. Limeshikizwa kijiti. Linamwagiliwa na Hakimu, kwa zamu iliyoandikwa. Mimi nimeruhusiwa kutumia upande wa juu wa kishimo cha Kokoto, siku za kazi tu, mradi nisitoe jiwe. Leseni naiweka soksini.

Karanga nimezihamishia nyuma kabisa, chini ya benchi, ndani ya boksi la jeki, zimefungwa kwa kitambaa chenye grisi ambacho hakuna mtu mwenye akili zake angekigusa. Sijamwambia mtu. Ila juzi Kokoto ameomba ahamishiwe siti ya nyuma. Anasema huko ndiko barabara inakoonekana vizuri.